Mtungi wa Saba wa Bi Mwanakheri

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi wote ni wa Mwenyezi Mungu, kwamba palikuwa na mji mmoja juu ya mlima wa mawe, mji wa watu wa ibada na haya, nao hawakuwa na kisima ila kimoja, tena chini kabisa bondeni. Kutoka kisimani hadi msikitini palikuwa na vidato mia na arubaini vilivyochongwa mwambani. Navitaja vidato hivyo mapema, mama wenzangu, msije mkavisahau, maana kisa chote kinapanda na kushuka humo.

Siku za kawaida kila mwanamume alitawadha nyumbani kwake. Lakini Ijumaa birika la msikiti lilijazwa maji, na mwenye kulijaza alikuwa mtu mmoja tu: mama aliyejifungua mwisho katika mji. Akitimiza arubaini yake anamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, anateremka, anapanda, mitungi saba kila Ijumaa, mpaka mwenzake mwingine ajifungue naye atimize arubaini ndipo ampokee. Iliitwa mitungi ya shukrani. Wengine walisema iliamriwa na shehe wa kwanza wa mji, wengine wakasema la, ni babu yake shehe huyo, lakini wote walikubaliana katika jambo moja, nalo lilinong'onwa sikioni mwa kila mzazi angali kitandani: mama atakayeiacha mitungi hiyo, mtoto wake haishi.

Fikirini basi, mtu ametoka uzazini juzi, hata kumshika mtoto bado hajui vizuri, anaambiwa hivyo. Nani angekataa?

Aliyefikiwa na zamu mwaka ule aliitwa Raihana, binti wa miaka kumi na tisa, na mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kike. Alijifungua kwa taabu na damu ilimtoka nyingi. Mumewe alikuwa safarini na msafara wa chumvi, pamoja na vijana karibu wote wa mji, na kwa sababu hiyo hakuna mke mwingine aliyeshika mimba, wala hakuonekana wa kumpokea. Zamu ambayo kwa wenzake ilikuwa ya miezi miwili au mitatu, kwake ikafika mwezi wa nane. Ijumaa kwa Ijumaa, mitungi saba, vidato mia na arubaini. Na Raihana hakulia mbele ya mtu. Alikuwa na shingo ndefu na aliibeba wima, hata wanaume walipomwona akipita walisema, huyu kweli kalelewa.

Walichokuwa hawakijui ni kwamba maziwa yake yalikuwa yanakauka. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, anarudia, anapata tone. Mwenye kunyonyesha anaijua sauti ile, sina haja ya kuieleza.

Ikafika Ijumaa moja Raihana akajaza mitungi nusu nusu. Saba ilikuwa saba, hakupunguza hata mmoja, lakini kila mmoja ulikuwa na maji ya nusu. Birika halikufika kwenye alama yake, na watu wa safu ya mwisho walikosa maji ya kutawadhia. Habari ikaenea kabla swala haijaisha. Kisimani wanawake wakawa na maneno, mmoja akasema siku hizi mitungi inafunga saumu, mwingine akasema hapana, imeacha ziwa mapema, wakacheka. Mkwewe Raihana, Bi Shufaa, aliyasikia hayo yote akaingia ndani na uso wake kama umepakwa majivu. Alimwambia Raihana kwamba yeye alibeba mitungi ile akiwa na mimba ya pili tumboni na hakufa. Ilikuwa kweli, alibeba. Ila hakumwambia kwamba ile mimba ya pili haikufika.

Sasa, katika mji ule palikuwa na bibi mmoja mchamungu sana, Bi Mwanakheri binti Shali, mama yake Shehe Lukumani ambaye ndiye aliyekuwa imamu. Umri wake ulikuwa unapita themanini. Watu walimwita Mama wa Mitungi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kubeba muda mrefu kama yeye: miaka kumi na miwili mfululizo kwa hiari yake, hata goti lilipomwangusha. Kwenye maulidi alikalishwa mbele. Kila Ijumaa nyumba zote zilimpelekea sahani ya halua kabla hazijaonja zenyewe. Bi Shufaa akamwendea yeye, akamsihi amnasihi yule binti, kwa sababu neno lake lilikuwa zito kuliko la mtu yeyote.

Bi Mwanakheri akakubali, akasema subira inafundishwa palepale inapohitajika, si sebuleni. Jumatatu asubuhi akashika fimbo yake akateremka vidato vile ambavyo hakuvikanyaga miaka mingi, kidato kimoja, pumzi moja, akamkuta Raihana kisimani anateka maji ya nyumbani kwa mtungi uleule wa Ijumaa, mtoto yuko mgongoni. Wakaamkiana kwa adabu. Bibi akaanza na maneno mazuri ya subira, kwamba mzigo wa kheri haulemei, kwamba yeye naye alipita humu. Raihana alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini kwa heshima. Kisha Bi Mwanakheri akamwambia, njoo mwanangu, leo nitakutwika mimi mwenyewe, iwe baraka.

Kwani mtungi wa maji, kama mnavyojua, haujitwiki. Mwenye kubeba huweka ngata kichwani, akapiga goti, na lazima iwepo mikono ya mtu mwingine ya kuunyanyua na kuuweka.

Raihana akapiga goti. Bi Mwanakheri akainama, akaushika mtungi shingoni na chini, akajitahidi. Ulifika magotini. Akajitahidi tena, ukafika kiunoni, maji yakamwagikia miguu yake, akaurudisha chini. Akasimama anautazama.

Huu haukuwa mtungi wake. Aliokuwa akibeba yeye ulikuwa mdogo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na mfinyanzi alimpimia kichwa na mabega kabla ya kuufinyanga. Huu ulikuwa karibu mara tatu yake. Alimwuliza Raihana aliutoa wapi, naye akajibu kwamba alinunuliwa mtungi huo na mkwewe, ukiwa umezidi kidogo ule wa mama aliyemtangulia, na huyo aliyemtangulia wake ulizidi kidogo ule wa mwenzake. Ndiyo desturi. Kila mkwe hutaka wa kwake uonekane mkubwa, isije ikasemwa nyumba yake imeoa mvivu. Kidogo, kidogo tu. Hakuna hata mmoja aliyeongeza kingi.

Bi Mwanakheri akamwuliza kwa nini, basi, alipozidiwa hakusema.

Raihana akasema, "Bibi, nikiacha mtoto atakufa. Nikiendelea maziwa yatakauka, na mtoto atakufa. Nionyeshe njia ya tatu, nitaipita mbio."

Bi Mwanakheri akamwambia amwage nusu, akamtwika hiyo nusu, akarudi kwake kwa fimbo, na inasemwa vidato vile siku hiyo vilimchukua asubuhi nzima.

Naombeni mnisikilize hapa. Bi Mwanakheri alijua kitu ambacho hakuna mtu mwingine hai aliyekijua, maana rika lake lote lilikuwa limekwisha kuzikwa. Alijua kwamba mitungi ile haikuamriwa na shehe wa kwanza wala na babu yake. Kabla yake yeye haikuwapo. Alipokuwa kijana alizaa watoto sita, na ndui ikapita, na homa zikapita, na akawazika wote sita, wa mwisho akiwa na siku tisa. Enzi ile hakuna nyumba ambayo haikuzika, watu waliacha kuhesabiana makaburi, na yeye hakuhesabu mbele ya mtu. Alipozaa wa saba, akaona wa saba anapumua siku ya arubaini, akaweka nadhiri baina yake na Mola wake: kila Ijumaa atapeleka maji msikitini, mtungi mmoja kwa kila mtoto aliyepewa, waliorudishwa sita na aliyebaki mmoja. Hakumwambia yeyote kwa nini saba. Ilikuwa siri yake na udongo.

Goti lilipomkataa, mama kijana wa jirani alikuja kwa mapenzi tu akasema, bibi kaa, leo nitapeleka mimi. Mwingine akampokea huyo. Baadaye aliyechelewa akanong'onwa. Baadaye mtoto wa mmoja akafariki, na mtu, hajulikani nani, akasema si aliacha mitungi? Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na Bi Mwanakheri alikuwa akisikia shehe wa kwanza anasingiziwa, akanyamaza, kwa sababu kusahihisha kungemlazimu kuyataja makaburi sita, na pia, yeye mwenyewe alikuja kulikiri hili, kwa sababu sahani za halua zilikuwa tamu na kiti cha mbele kilikuwa kizuri.

Jumatatu ile mpaka Alhamisi hakutoka nje. Mtihani wake haukuwa wa kubeba, kubeba aliweza tangu zamani. Alitakiwa atue jina lake lote mbele ya watu, katika umri ule, na mwanawe akiwa imamu. Angeweza kumpa Raihana kibali cha siri apumzike, mambo yakaisha kimyakimya. Alilifikiria hilo, halafu akajiuliza, na anayemfuata Raihana je?

Ijumaa, watu walipotoka swalani, walimkuta Bi Mwanakheri amesimama kando ya birika, amejitanda kanga zake safi, shingo wima kama ya msichana. Pembeni yake alikuwa ameweka kimtungi kidogo cheusi, ambacho miaka yote alitilia ubani. Alikuwa amemwomba Raihana auache mtungi wake hapohapo. Akamwomba mwanawe idhini ya kusema, naye Shehe Lukumani akampa, akidhani mama yake anataka kumnasihi yule binti hadharani, na wengi walisogea kusikia hivyo.

Akawaambia wautazame mtungi na kimtungi. Kisha akakichukua kile kidogo akakitumbukiza ndani ya ule mkubwa, kikapita shingoni, kikazama chote, kikalia kwenye udongo huko chini.

Akasema kilichozama ndicho alichokuwa akibeba yeye, nacho ndicho kilichoanza. Akawaeleza yote kama nilivyoyaeleza, nadhiri, ndui, siku tisa za yule wa mwisho, bila kulia na bila kupamba.

Mzee mmoja wa safu ya kwanza akakasirika. Akasema kwa heshima, lakini kwa ukali, kwamba mji huu umeirithi desturi hii, na haiwezekani wazee wote wale walikosea.

Bi Mwanakheri akamjibu, "Usiwatafute wazee makaburini, baba. Niliyeianza niko mbele yako. Mola hakuniamuru, mimi ndiye niliyemwahidi, na ahadi yangu nimeiacha ikapanda vichwa vya watoto wa wenzangu."

Mama mmoja nyuma, sauti yake nusu haisikiki, akauliza kuhusu watoto. Kila mmoja alijua anauliza nini.

Akasema, "Nimebeba miaka kumi na miwili, na maji yale hayakunirudishia hata mmoja kati ya sita. Yalikuwa shukrani. Uhai wa mtoto haununuliwi kwa maji, mwanangu. Nenda ukamnyonyeshe."

Hapo Shehe Lukumani, aliyekuwa amesimama muda wote mkono ukiwa juu ya ukuta wa birika, alimtazama mama yake. Alijua kwamba alikuwa na ndugu waliotangulia. Hakuwahi kuuliza wangapi.

"Sita, mama?"

"Sita. Wewe ndiwe mtungi wa saba."

Wapokezi wa kisa hiki husema kwamba Shehe hakuhutubia. Alivua kilemba chake, kilemba cheupe cha uimamu, akakizungusha mkononi mpaka kikawa ngata, akakiweka kichwani. Akakitoa kile kimtungi mle ndani kwa adabu, akampa mama yake, kisha akaubeba mtungi mkubwa akaelekea kwenye vidato. Mtu mmoja alicheka, akasema shingo hiyo imezoea vitabu, na hakuna aliyemuunga mkono. Kisimani ilibidi wanaume wawili wamtwike. Kidato cha tisini aliteleza, akashika mwamba, maji yakamwagika kifuani. Alipofika juu kanzu yote ilikuwa imegandamana mwilini, na kilichobaki mtungini hakikutosha kuosha miguu ya watu watatu.

Akasema, "Miaka kumi na tisa ya uimamu natawadha maji haya, na leo ndiyo najua yanatoka wapi."

Kutoka siku ile ilikatwa shauri kwamba anayetaka maji ya birika ateremke kuyateka mwenyewe, kuanzia safu ya kwanza. Na nasikia ilikuwa fahari kuutazama mji ule Ijumaa asubuhi, wazee wenye ndevu wanapandisha vibuyu, imamu katikati yao, wanataniana juu ya magoti yao, na birika likijaa likamwagika mpaka mijusi ya ukutani ikahama. Aliyekuwa amekasirika siku ile naye alikuja, na kibuyu kidogo kuliko vyote, akasema hiki nimepimiwa na mfinyanzi. Walicheka naye.

Bi Shufaa alimchukua Raihana akamweka ndani siku arubaini nyingine, akampikia uji wa mtama na mchuzi wa pweza mkavu aliyeagizwa kwa watu wa pwani, na siku moja alipokuwa akimkanda mgongo akamweleza kuhusu ile mimba yake ya pili. Hakuwa amewahi kumwambia mtu. Maziwa yalirudi polepole, kwa amri yake Mola, na binti yule aliishi, akakua, akawa mwenye shingo ndefu kama mama yake.

Ama Bi Mwanakheri, alirudisha sahani za halua Ijumaa ile ile, akasema tumbo la sifa limejaa. Alitazamia kuketishwa nyuma, na akajikaza kwa hilo. Lakini kwenye maulidi yaliyofuata akina mama walisimama wote alipoingia, hawakukaa mpaka yeye akakaa, na safari hii hakuna aliyeweza kusema ni kwa sababu ya maji. Akaomba jambo moja tu. Nadhiri yake ilikuwa bado ni yake, na saba hawezi tena, lakini mmoja anaweza, basi waruhusu kila Ijumaa apandishe kimtungi chake kimoja, polepole, bila kusaidiwa njiani. Kumtwika tu, kwa sababu mtungi haujitwiki.

Aliyemtwika alikuwa Raihana. Na kila Ijumaa, kimtungi kikiwa tayari mikononi mwake, kabla hajakinyanyua alikuwa akiuliza, "Bibi, nikutwike?" Akingojea. Bibi akivuta pumzi, akitazama vidato, akitafakari kweli, maana zipo Ijumaa alisema "Leo hapana, mwanangu," na Raihana akakimwaga kile kimtungi kwenye mizizi ya mpera uliokuwa hapo, na hakuna lolote baya lililotokea. Kutokana na wao wawili ikawa adabu ya mji ule: humtwiki mtu kitu, hata furushi la kuni, mpaka umwulize na umsikie akijibu.

Mama wenzangu, wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani anayetazama huona mwepesi. Nami nina mtoto mchanga, nimenong'onewa mengi sikioni, na sisemi uongo, mengi yananitisha mpaka leo. Lakini tangu nilipokisikia kisa hiki nimejifunza kupapasa kichwani kwangu na kuuliza, huu kaniwekea Mola au kaniwekea mtu? Alioniwekea Mola nitaubeba, na nitaubeba shingo wima, kwani Yeye hamtwishi mja asichokiweza. Ule mwingine nitaitafuta mikono iliyonitwika. Na zaidi ya hapo nimwombe Mwenyezi Mungu anipe moyo wa Bi Mwanakheri, siku nitakayokuta kwamba mikono hiyo ni yangu.